Bata mwitu wa mpungani: wakitua picha safi, wakiruka picha mbovu. Tatizo ni nini hasa?

#1 LenziYaKaskazi
Assalaam alaykum wanajukwaa.

Kwenye bonde la mpunga la Cheju kuna bata mwitu, wale wenye uso mweupe na shingo nyeusi, wanaopiga mbinja. Wakisimama kwenye tuta nawapata vizuri, hadi tone la maji kwenye ncha ya mdomo linaonekana. Wakinyanyuka tu, mambo yanaharibika. Ama bata anatoka kivuli cheusi mbele ya mbingu nyeupe, ama ana umbo lakini jicho halionekani, ama minazi ya nyuma ndiyo inatoka kali na bata mwenyewe ni ukungu.

Natumia Canon ya miaka kidogo, lenzi ya milimita 100-400. Shata, yaani muda wa kamera kufunguka, naweka 1/800 ya sekunde, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, naiachia kamera ijipangie. Kila ninayemuuliza ana jibu lake. Mimi nimeanza kuamini kwamba bata anayeruka hapatikani bila ya zile lenzi kubwa nyeupe wanazokuja nazo watalii. Anayepinga aje na hoja.

#2 FundiWaMwanga
Wa alaykum salaam. Napinga. Shata yako ni ndogo, yaani inafunguka kwa muda mrefu mno. Weka 1/2000, kama jua lipo weka 1/2500, halafu uje utuambie. Lenzi haina kosa.

#3 Maalim_Mwera
Tuitie hesabu kauli ya #2 ili isibaki kauli tupu.

Tuchukue bata anayekwenda kilomita 54 kwa saa, maana inagawika vizuri: ni mita 15 kwa sekunde. Shata ikifunguka kwa 1/800, bata kasogea karibu sentimita 2 wakati kamera ingali inaandika picha. Kwa 1/2000 kasogea milimita 7 na nusu. Bata huyu urefu wake ni kati ya sentimita 38 na 48, na jicho lake ni dogo. Jicho likisogezwa sentimita 2 haliwezi kuonekana jicho, litakuwa mstari. Na hapo nimesema mwili tu. Ncha ya bawa inakwenda kasi zaidi ya mwili kwa sababu inapanda na kushuka huku inasonga mbele.

#4 BintWete
Maalim, hesabu yako haina kasoro, lakini inamhusu bata anayepita mbele ya mtu aliyeshika kamera bila kuisogeza. Ukimfuata kwa kamera kwa mwendo wake mwenyewe, mwili hausogei ndani ya picha. Yanayosogea ni mabawa tu. Na akija usoni kwako, mwendo wake haumburuti ndani ya picha, unamkuza tu.

Kisha LenziYaKaskazi kasema jambo ambalo nyote mmeliruka: minazi ya nyuma imetoka kali. Shata ikiwa ndogo na mkono ukatikisika, minazi nayo ingekuwa ukungu. Minazi ikiwa kali na bata ukungu, kamera imeshika minazi. Hiyo ni fokasi.

Kaka, angalia kamera yako iko kwenye fokasi ya aina gani. Canon wanaiita AI Servo, Nikon na Sony wanaandika AF-C. Hiyo inaendelea kumfuata ndege muda wote uliobonyeza. Ile nyingine inashika mara moja na kuganda hapo hapo, na bata keshakwenda zake. Tena usiruhusu kamera ichague yenyewe sehemu ya kushika katika fremu nzima. Mpe kundi dogo la pointi za fokasi katikati. Ukimpa fremu nzima atachagua minazi, kwa sababu minazi ina mistari mingi na haikimbii.

#5 Kipanga_Fumba
Kanuni iko wazi, jamani. Lenzi ya 400, shata 1/400. Lenzi ya 200, 1/200. Tumeisoma sote hiyo.

#6 BintWete
#5, kanuni hiyo ni ya mtikisiko wa mkono wako. Inakusaidia ukipiga picha ya mnara. Mnara hauna mabawa.

#7 MkulimaCheju
Nyinyi mnawapiga picha, kwetu sisi wanakula mpunga wetu. Mpunga uliomwagwa juzi, haujashika mizizi, wao wanauchuja kwenye tope usiku kucha. Asubuhi unakuta alama za miguu na mabaka ya maji matupu.

Lakini kwa vile mmelileta, nitasema ninayoyaona, kwa sababu anayeamia, anayelinda mpunga usiliwe na ndege, ndiye anayewajua hawa. Mchana hawana kazi. Wanakaa kundi moja pembezoni mwa maji, wengine wamelala, wengine wanachambuana manyoya ya shingo wawili wawili. Likichwea jua ndiyo wanaamka. Kabla hujawaona utawasikia, mbinja ya sauti tatu. Wanaingia makonde ya mpunga baada ya Magharibi, wanatoka kabla jua halijapanda. Sasa wewe unayekuja saa 4 asubuhi na kamera yako, bata unayemwona anaruka karuka kwa sababu umemtimua.

#8 LenziYaKaskazi
Ahsante sana Mkulima. Ahsante BintWete, nimeikuta fokasi ipo kwenye ile ya kuganda. Nitaibadilisha na kurudi bondeni.

Mkulima, wakati wa kutoka alfajiri wanaelekea upande gani? Na nikija kabla ya mapambazuko nipitie kwa nani, nisije nikakanyaga majaruba ya watu?

#9 MkulimaCheju
Pita kwenye tuta kubwa la mfereji, usikate katikati. Ukiona kuna dungu, lile jukwaa la kuamia, mwenye konde yupo au yu karibu, msalimie. Upande wanaoelekea unabadilika kwa upepo na kwa maji yalipo.

#10 AmiMvuvi_Konde
Hapo kwenye upepo naona mnapita tu, na ndipo penye jambo.

Ndege mzito hanyanyuki na upepo mgongoni. Anaupa uso upepo, kama ndege ya abiria pale Chake. Basi usimtafute bata, utafute upepo kwanza. Wakati wa kaskazi upepo unatoka kaskazini mashariki. Asubuhi jua liko mashariki. Simama upande wa mashariki wa bonde, jua mgongoni, bata akinyanyuka anakuja kwako na uso wake umeangaziwa. Jioni ya kaskazi simama hapo hapo uone: jua liko machoni mwako, bata kawa mweusi kama mkaa. Ukihamia magharibi ili upate jua mgongoni, utapiga mikia tu, maana anakukimbia kuelekea kwenye upepo.

Wakati wa kusi mambo yanageuka. Upepo unatoka kusini, na jioni ukisimama kusini magharibi ya bonde jua liko ubavuni mwako na bata anakujia. Ndiyo maana mtu anarudi bonde lile lile, kamera ile ile, Januari anapata, Julai hapati, halafu analaumu lenzi.

#11 FundiWaMwanga
Ami, hilo la upepo nimelipenda na nitalitumia. Ila upepo hauleti ukali wa picha. Unaleta uso badala ya mkia. Swali la uzi ni ukali.

#12 AmiMvuvi_Konde
Mwanangu, jicho la bata liko usoni, si mkiani. Kasema picha zake hazina jicho.

#13 Maalim_Mwera
Ami kajibu kama mahakama.

Nina nyongeza moja lakini. Asubuhi na mapema kaskazi yenyewe huwa haijaamka. Kinachovuma saa 12 na nusu mara nyingi ni umande, upepo mdogo wa nchi kavu, au hakuna kitu kabisa. Bata wanaweza kunyanyuka popote. Kwa hiyo kanuni yako ni ya kuanzia saa 3 kwenda mbele, na Mkulima kasema saa hizo wamelala.

#14 AmiMvuvi_Konde
Bondeni si baharini, kweli. Lakini tupa unyasi hewani uone unakokwenda. Hata umande una upande.

#15 DauLaNungwi
Mimi nina maelezo mengine kabisa na nashangaa hamjayagusa. Joto.

Mpunga una maji, tuta ni kavu. Jua likishapanda, hewa ya juu ya tuta inapata moto na ya juu ya maji iko poa. Unapiga picha kupitia hewa inayochemka. Chukua lenzi ya 400, angalia mnazi ulio mbali saa 5 asubuhi kupitia kioo cha kamera, utaona shina linacheza. Sasa hapo hata uweke shata 1/8000 na fokasi bora duniani, picha inatoka laini kama imepakwa mafuta. Si ukungu wa mwendo, ni ulaini. Manyoya yanaungana.

Na ndiyo jibu la kwa nini wakitua ni safi. Waliotua, LenziYaKaskazi yuko karibu nao, kawanyemelea. Wakiruka wanakwenda mbali, na kila mita inayoongezeka ni hewa ya moto inayoongezeka katikati.

#16 BintWete
Hii nakubali nusu. Ipo, nimeiona Mlemele hata kwa nyangenyange waliosimama tu. Lakini joto haliwezi kufanya minazi ya nyuma iwe kali na bata wa mbele awe ukungu. Minazi iko mbali zaidi.

#17 DauLaNungwi
Yeye kataja matatizo matatu. Wewe umeng'ang'ania la minazi.

#18 Kipanga_Fumba
Hawa bata si ndio wale wanaotoka Ulaya kukimbia baridi? Basi tusubiri Disemba, watakuwa wengi, mtu apige mpaka apate.

#19 Mtembezi_Jozani
Hapana kaka. Hawa wenye uso mweupe ni wenyeji wa Afrika kusini ya Sahara, wapo Madagaska, wapo hata Amerika ya Kusini. Wanahama lakini wanafuata mvua na maji, hawafuati baridi ya Ulaya.

Unaowafikiria wanaokuja kwa msimu hapa wengi wao ni ndege wa pwani, ukienda Ghuba ya Chwaka maji yakitoka utawaona. Yuko na yule mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene anayekula kaa. Huyo hatoki Ulaya vilevile, anazaliana pwani za Uarabuni, Bahari ya Shamu na Somalia, tena anataga ndani ya shimo analochimba mchangani. Kwa anayejifunza kupiga ndege wanaoruka, ningemshauri aanze na hao. Wanaruka kundi, mwendo unatabirika, na maji yakijaa wanasogea wenyewe kuelekea ulipo. Huhitaji kumtimua mtu.

#20 PopoMpemba
Nyie wa Unguja bata wenu wamezoea watu. Njooni Pemba muone bata anayenyanyuka ukiwa bado unashuka kwenye gari.

Mbinja zao zinanikumbusha utoto. Usiku wakipita juu ya nyumba tukiambiwa tuingie ndani, tusiwajibu, anayepiga mbinja usiku anaita visivyoitwa. Tukilala na shuka hadi kichwani.

#21 BintWete
Na sisi! Bibi akisema ni wenyewe wanapita. Ukubwani ndipo nikawaona ni bata.

#22 Mwanafunzi_SUZA
Naomba kuuliza, je nikiwapiga kwa droni kutoka juu? Hapo minazi haipo nyuma, ni mpunga tu.

#23 Mtembezi_Jozani
Usifanye, mdogo wangu. Kwanza droni hapa kwetu ina vibali vyake, kuna Mamlaka ya Usafiri wa Anga na kuna upande wa ulinzi, si kitu cha kurusha tu. Pili, kwa bata kitu kinachoelea juu yake ni kipanga. Utapiga picha ya kundi zima likikimbia roho zao.

Na hapa niseme la moyoni. Bata aliyetimuliwa anajulikana kwenye picha. Shingo kainyoosha, kundi limetawanyika ovyo, wote wamekupa mgongo. Anayeruka kwa hiari yake, kutoka kulala kwenda kula, anaruka na kichwa kimeshuka kidogo chini ya mgongo, miguu imenyooka nyuma ikapita mkia, na kundi lina mstari. Hiyo ndiyo picha. Ukimtimua huipati hata kwa lenzi ya bei ya nyumba.

#24 MkulimaCheju
Mimi nitawatimua, maana ni mpunga wangu. Wewe kaa na kamera upande wa pili upige.

#25 Mtembezi_Jozani
Haki yako, Mkulima, na sina neno juu ya anayeamia. Nasema na mwenye kamera, yeye hana konde.

#26 PopoMpemba
Mwaka mmoja nilikuta bata bwawani hawaruki kabisa. Unasogea wanakimbilia kwenye majani kwa miguu. Nikadhani wanaumwa. Kuna anayejua?

#27 Mtembezi_Jozani
Walikuwa wanabadilisha manyoya. Bata hawapukutishi moja moja kama ndege wengi. Manyoya makubwa ya bawa yanatoka yote kwa mpigo, na kwa muda wa wiki tatu hivi hawawezi kuruka mpaka mapya yaote. Wanajificha kwa sababu wanajua hawana pa kukimbilia. Ukiwakuta hivyo, ondoka.

#28 FundiWaMwanga
Turudi kwenye weusi, maana hilo la kivuli cheusi halijajibiwa na kwangu ndilo kubwa.

Bata huyu bawa lake la chini ni jeusi lote. Hana doa jeupe la kukusaidia. Mbingu ya Zanzibar wakati wa mawingu ni nyeupe kupita kiasi. Kamera inaona fremu imejaa weupe, inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Mbingu inatoka kijivu na bata anatoka mkaa. Huo weusi ukijaribu kuufungua kwenye kompyuta unapata chenga tupu, zile punje punje, na wewe unaita ukungu.

Ongeza mwanga. Juu ya mbingu nyeupe weka kipimo cha kuongeza mwanga kwenye +1, hata +1⅔. Mbingu itaungua, iache iungue, hukuja kupiga mbingu.

#29 BintWete
Na akishuka mbele ya minazi? Hiyo +1 yako inamchoma uso. Uso wake ni mweupe, sehemu pekee nyeupe aliyonayo, ukiuchoma umebaki na nini?

Mimi napanga kila kitu kwa mkono. Napima mwanga kwenye majani ya mpunga yaliyopigwa na jua lile lile, nafunga hapo shata, tundu la lenzi na ISO, sigusi tena. Bata apite mbele ya mbingu, apite mbele ya minazi, mwanga unaompiga yeye ni ule ule. Kamera ikiachiwa ISO inabadilisha uamuzi kila anapovuka kutoka minazi kwenda mbingu, ndani ya nusu sekunde.

#30 FundiWaMwanga
Na wingu likipita? Wakati wa vuli kila dakika lina wingu jingine. Ukishafunga kila kitu, jua likijificha picha kumi zinatoka giza kabla hujashtuka.

#31 BintWete
Nina kidole. Nazungusha.

#32 KiooSafi
Nimesoma uzi mzima, hakuna aliyeuliza hali ya lenzi yenyewe. Nafanya kazi ya kufungua kamera, na kwa hewa yetu hii ya chumvi na unyevu, nusu ya malalamiko ya picha laini ninayoletewa ni kioo.

LenziYaKaskazi, fanya haya. Toa kile kioo cha kukinga kilichofungwa mbele ya lenzi. Vingi vinavyouzwa kwa bei rahisi ni kioo cha dirisha kilichozungushiwa chuma. Kwenye zumu ya kawaida huoni kasoro, kwenye 400 unaona. Kisha mulika tochi kutoka nyuma ya lenzi, utazame kwa mbele: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, imeshaota ndani.

Tatu, unalala na feni au na kiyoyozi? Ukitoa kamera kwenye chumba chenye ubaridi ukaingia nayo bondeni alfajiri, kioo kinashika umande na hutauona kwa sababu unaangalia bata. Iache ndani ya mkoba uliofungwa, ipate joto la nje polepole, nusu saa.

Nne, lenzi yako ina swichi ya kutuliza mtikisiko. Kwa shata ya 1/2000 izime, inapigana na wewe unapomfuata ndege.

#33 FundiWaMwanga
Ya nne sikubali. Lenzi nyingi zina hali ya pili ya kutuliza, inayotuliza juu na chini tu na kukuachia kulia na kushoto. Hiyo ndiyo ya ndege.

#34 KiooSafi
Inategemea lenzi. Za zamani zinachelewa kutulia, picha mbili tatu za mwanzo zinaruka.

Na mwenye kamera mpya isiyo na sauti ya shata, awe mwangalifu. Ile shata ya kielektroniki inasoma picha mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini. Bawa linashuka wakati mstari unasomwa, kwa hiyo linatoka limepinda kama mpira. Ukiona bata mwenye bawa la ajabu, rudisha shata ya kawaida.

#35 Kipanga_Fumba
Kuvu dawa yake mchele. Unaifukia lenzi ndani ya gunia.

#36 KiooSafi
Usimdanganye mtu. Mchele una vumbi, na vumbi la mchele ni chakula cha kuvu. Weka kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya maji vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Na hiyo ni kuzuia tu, kuvu iliyokwisha ota haiondoki bila ya kufungua.

#37 MkulimaCheju
Mchele wenyewe bata wamekula.

#38 Maalim_Mwera
Nikitoka nje kidogo: tangu karne ya 19 Zanzibar ina wapiga picha, A. C. Gomes na wenzake, na picha zao za mji mpaka leo zinapendeza. Lakini ndege arukaye humo humwoni. Sahani za kupigia picha za zamani zilitaka mwanga wa muda mrefu, na chochote kilichopita haraka kilifutika.

Aliyeanza kumshika ndege hewani kwa mpango ni Mfaransa, Étienne-Jules Marey. Mwaka 1882 alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki, na kitako cha kuwekea begani, ikipiga picha 12 kwa sekunde, kila moja 1/720 ya sekunde. Alitaka kujua bawa linafanya nini. Kwa hiyo ndugu yetu na 1/800 yake yuko mbele ya Marey kidogo tu.

#39 AmiMvuvi_Konde
Umbo la bunduki, kitako begani. Basi alijua kwamba ndege anafuatwa kwa mwili, si kwa mikono. Vijana wanasimama miguu imeungana, wanageuza kamera kwa viwiko. Panua miguu, elekeza kitovu pale utakapomalizia, sio pale unapoanzia, ugeuke kwa kiuno. Anayetupa nyavu anajua.

#40 BintWete
Ami, hili la kitovu nimelijaribu leo jioni kwa kunguru. Linafanya kazi.

#41 Mwanafunzi_SUZA
Na mwenye simu tu?

#42 Mtembezi_Jozani
Mwenye simu akae kwenye njia yao jioni, apige kundi zima na mbingu na minazi, bata wawe weusi kwa makusudi. Usivute zumu ya simu. Mstari wa bata ishirini juu ya bonde lenye maji mekundu ya machweo hauhitaji jicho.

#43 LenziYaKaskazi
Nimerudi kutoka bondeni. Niliingia baada ya swala ya Alfajiri, nikapita tuta la mfereji, mwenye konde akaniruhusu kukaa juu ya dungu lake. Nimezima fokasi ya kuganda, nimeweka kundi dogo la pointi, kioo cha mbele nimekitoa, shata 1/2000.

Wamepita kabla jua halijatoka. Kwa 1/2000 kamera ikapandisha ISO mpaka 12800 na picha zina chenga. Nikashusha shata hadi 1/500, chenga zikapungua. Katika hizo kuna chache ambazo jicho lipo, uso mweupe una manyoya, miguu imepita mkia kama alivyosema #23, lakini mabawa yamefutika. Na kutoka juu ya dungu bata walikuwa usawa wangu, nyuma yao mpunga, si mbingu. Weusi umepungua sana bila kuongeza mwanga wowote. Bado kundi lililorudi saa 3 limetoka laini, ingawa jua lilikuwepo na shata ilikuwa 1/2500.

#44 DauLaNungwi
Saa 3, jua, shata kubwa, bado laini. Hewa. Nilisema.

#45 KiooSafi
Umepima kuvu kwa tochi? Hujasema.

#46 BintWete
Jicho kali kwa 1/500 ina maana umemfuata vizuri na fokasi imeshika. Hao wa saa 3 walikuwa umbali gani? Bata akiwa mdogo kwenye fremu, pointi zako zinashika mpunga wa nyuma yake. Kwa dungu mpunga uko karibu zaidi naye kuliko mbingu, kamera inachanganyikiwa kirahisi.

#47 AmiMvuvi_Konde
Hao wa saa 3 walikuja usoni au walikupa mgongo?

#48 LenziYaKaskazi
Ubavu, Ami. Umbali kama kutoka hapa mpaka mfereji wa pili, sijui mita 60 au 70.

#49 FundiWaMwanga
Mimi hizo zenye mabawa yaliyofutika nazipenda kuliko zote. Bata mwenye kila unyoya umeganda anaonekana kama kabandikwa ukutani. Bawa likiwa moshi na jicho likawa kali, mtu anaona anaruka. Shuka hata 1/125, umfuate kwa kiuno kama alivyosema Ami. Nyingi zitaharibika, ila itakayotoka utaitundika.

#50 Maalim_Mwera
Hapo tumeacha ukali tumeingia kwenye ladha, na mimi ladha yangu ni unyoya kwa unyoya. Bawa la ndege ni kazi ya ajabu, sioni kwa nini tulifute.

#51 PopoMpemba
Na wale wadogo kabisa wa mabwawa yenye mayungiyungi, wenye rangi ya machungwa ubavuni na doa jeupe bawani, nani kawahi kuwapata hewani? Wanaruka chini kwa chini na hawarudi.

#52 BintWete
Hao nawaota. Wanakula mbegu za yungiyungi, hawatoki penye majani, na wakinyanyuka ni ghafla. Lile doa jeupe linakusaidia, fokasi ina cha kushika. Tatizo ni kwamba ukiwa usawa wa maji majani yanaingia mbele ya lenzi, na kamera inashika jani. PopoMpemba, kama unajua bwawa lenye ukingo ulioinuka kidogo, nitumie ujumbe.

#53 MkulimaCheju
LenziYaKaskazi, kwangu pia dungu lipo, upande wa kusini, na mpunga wangu umeanza kubeba. Wakati huu wanakuja wengi. Ukija jioni njoo na tochi ya kurudia, mfereji umejaa.

#54 KiooSafi
Na kabla ya kwenda, tochi hiyo hiyo imulike kwenye lenzi.

#55 DauLaNungwi
Amulike tu. Lakini apige na picha moja ya nguzo ya dungu la mbali saa 5 asubuhi, kamera ikiwa juu ya stendi, na nyingine ya nguzo hiyo hiyo saa 12 na nusu. Aziweke hapa zote mbili tuone.